Salamu kwa Mkono Wetu Wenyewe

Neno la Jumapili ya Kwanza ya Majilio
Masomo: Warumi 16:1–16, 22; 2 Yohana 12



Leo tunaanza Majilio, na kabla ya kuwasha mshumaa wa kwanza tuna jambo la kuungama mbele yenu.

Mwaka jana mwezi wa Novemba sisi wazee wa kanisa tulikaa kwenye kile chumba cha nyuma, makoti mwilini kwa sababu hita ilikuwa imegoma tena, tukapitia bajeti mstari kwa mstari. Tukafika penye kadi za Krismasi. Tangu ushirika huu uanze, kila kaya imekuwa ikipata kadi moja kutoka kanisani, imeandikwa majina ya wote waliomo ndani ya nyumba, hadi mtoto mchanga. Tulikuwa na kaya 64. Stempu ya daraja la pili wakati ule ilikuwa peni 85, kwa hiyo stempu peke yake ni pauni 54 na peni 40, hatujagusa kadi wala bahasha. Na kazi ya kuandika iliangukia kila mwaka watu walewale wawili watatu, usiku, wakitoka zamu. Tukasema, kwani si sote tuko kwenye kundi la WhatsApp? Tutengeneze picha moja nzuri, tuitume, na fedha iende kwenye mfuko wa misiba. Hoja ikapita bila hata mtu kukohoa.

Picha ilikuwa nzuri kweli. Nyota, hori, jina la ushirika chini kwa herufi za dhahabu. Mkesha wa Krismasi tukaituma, na kabla chai haijapoa zilikuwa zimeingia amina zisizopungua thelathini. Tukajipongeza.

Januari, wawili kati yetu tulikwenda kumtembelea Bibi mmoja wa ushirika wetu. Ana miaka zaidi ya themanini. Majira ya baridi miguu haimruhusu kuja ibadani, na wanawe walihamia mji mwingine kwa ajili ya kazi. Simu yake ni kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Tulimwamkia, akatuitikia, akatukaribisha chai ya tangawizi. Tukaimba wimbo mmoja, tukaomba, tukapima na presha (wauguzi hatuachi mashine nyumbani). Ukutani alikuwa ametandika uzi wake wa kila mwaka wa kuning'inizia kadi. Mwaka huo zilikuwa mbili: moja ya binti yake na moja ya jirani yake Mwingereza.

Tulipokwisha kusimama ili tuage ndipo alipouliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua:

"Wanangu, nilikosa nini kanisani?"

Tulidhani tumesikia vibaya. Akanyanyuka, akafungua kopo la biskuti, akatoa kadi zetu zote za miaka yote, amezifunga kwa utepe. Akasema mwaka huu kadi haikuja, akangoja hadi Mwaka Mpya, haikuja. Akajua basi amefutwa kwenye daftari. Hakutaka kupiga simu kuuliza, maana mtu aliyefutwa hapigi simu kuuliza.

Katika kazi yetu tumefundishwa kwamba mgonjwa husema jambo lake kuu wakati mkono wako umeshika kitasa cha mlango. Tulilijua hilo kwa miaka mingi. Siku ile lilitupata sisi.

Tulipotoka pale tulikaa ndani ya gari bila kuliwasha. Na sura iliyotujia ni ile ambayo wengi wetu tukiifikia katika kusoma Biblia tunairuka, Warumi 16. Ni orodha ya majina. Paulo amemaliza hoja zake zote nzito, za sheria na neema na Israeli, halafu anaanza kusalimia: msalimuni fulani, msalimuni fulani. Zaidi ya watu 20, kila mmoja kwa jina lake, na kwa wengi anaongeza neno moja dogo la kuonyesha kwamba anamfahamu hasa. Huyu amefanya kazi sana kwa ajili yenu. Huyu ni wa kwanza kuamini katika Asia. Huyu alifungwa pamoja nami. Na Rufo, msalimuni na mama yake, ambaye kwangu mimi pia amekuwa mama. Fikirini hilo, ndugu zetu mlioacha mama zenu ng'ambo. Paulo naye alikuwa na mama wa ugenini, na hakumsahau kwenye karatasi.

Tena Paulo wakati ule alikuwa hajafika Roma hata mara moja. Aliwajua vipi hawa? Kwa sababu walikuwa watu wa kuhamahama kama sisi. Priska na Akila, walio karibu na mwanzo wa orodha, walikuwa wamefukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, kama tunavyosoma katika Matendo 18. Walikutana na Paulo Korintho wakiwa wageni, wakafanya kazi pamoja ya kushona mahema. Sasa wamerudi, naye anawatafuta kwa barua. Kanisa la kwanza lilikuwa limetawanyika kwenye bandari na barabara za dola nzima, na kilicholiunganisha ni watu waliobeba salamu. Barua hii yenyewe, wengi husema, ilibebwa na Fibi, mwanamke mhudumu wa kanisa la Kenkrea, ndiyo maana Paulo anaanza kwa kumtambulisha.

Lingekuwa jambo rahisi kuandika tu kwamba wasalimiwe wote. Hata kundi zima analisalimia, mwishoni. Lakini kwanza ametaja majina.

Sasa tusije tukadhani kadi ya Krismasi imeshuka kutoka mbinguni. Desturi hii ilizaliwa hapahapa, London, mwaka 1843. Mtumishi mmoja wa serikali, Henry Cole, alikuwa na rundo la barua za sikukuu asizoweza kuzijibu zote. Miaka mitatu nyuma yake, mwaka 1840, ilikuwa imeanza posta ya peni moja, ambayo Cole mwenyewe alisaidia kuianzisha, na ghafla kila mtu aliweza kumwandikia kila mtu. Kutojibu ilikuwa utovu wa adabu. Basi Cole akamwomba rafiki yake mchoraji, John Callcott Horsley, amchoree picha moja, akaipiga chapa nakala nyingi, akatuma ileile kwa wote. Zilizobaki ziliuzwa shilingi moja kila moja.

Mnaona? Kadi yenyewe ilianza kama njia ya mkato ya mtu mwenye shughuli nyingi. Kwa hiyo sisi wa umri wa kati tusiwacheke vijana na simu zao. Cole angefurahi sana na WhatsApp.

Lakini kadi ile ina mambo mawili ambayo inafaa tuyatazame. Katikati kuna familia ya vizazi vitatu mezani, wameinua glasi. (Watu walilalamika kwa sababu hata mtoto mdogo ananyweshwa divai, na walalamikaji walikuwa na haki.) Hakuna hori, hakuna Mariamu wala Yusufu. Ila pembeni, kulia na kushoto, kuna picha mbili ndogo: maskini wanapewa chakula, na aliye uchi anavikwa nguo. Mchoraji alikuwa ameipeleka Mathayo 25 kwenye ukingo wa karamu. Na jambo la pili ni kwamba juu na chini waliacha nafasi tupu, mahali pa kuandika inakwenda kwa nani na imetoka kwa nani. Picha ilikuwa moja kwa wote, lakini haikuweza kuondoka mezani mpaka mtu achovye kalamu na kuandika jina la mtu mmoja.

Nafasi hiyo ndiyo picha yetu ya mwaka jana haikuwa nayo.

Tuliokua Afrika Mashariki miaka ya 1980 na 1990 tunakumbuka Desemba ilivyokuwa. Wauzaji walitandaza kadi kando ya barabara karibu na Posta, Nairobi na Dar es Salaam. Nyumbani hapakuwa na mtu wa posta wa kubisha hodi kama hapa. Barua zilikwenda kwenye S.L.P., na mara nyingi sanduku lilikuwa la shule au la parokia. Basi Jumapili baada ya ibada katekista alisimama mlangoni na bunda la bahasha akiita majina. Ukiitwa, ulikwenda mbele taratibu, ili waone. Kadi nyingi zilikuwa na theluji na kile kindege chenye kifua chekundu, nasi hatujui theluji ni nini. Tulibandika pamba kwenye matawi na kuamini kwamba Bethlehemu ilikuwa hivyo. Miaka mingi baadaye, tukitoka zamu ya usiku, tukakiona kindege chenyewe kimekaa juu ya uzio wa kituo cha basi. Tulikitambua kama ndugu. Watu wa hapa husema kimeingia kwenye kadi kwa sababu wapeleka barua wa zamani walivaa makoti mekundu, wakapewa jina lake.

Na zilikuwapo zile kadi za salamu za redio, mnazikumbuka? Unanunua kadi, unajaza jina lako na orodha ya unaowasalimu, unaituma kwa posta, halafu unakaa na redio jioni nyingi ukingoja mtangazaji asome. Watu waliacha chakula kikapoa ili tu kusikia jina lao likipita hewani. Ile ilikuwa Warumi 16 ya kila wiki.

Siku hizi kadi inayotufikia bila kukosa ni ya mchango wa harusi, na hiyo huja na ukumbusho.

Hapa tulipo desturi inapungua, na sababu moja iko wazi. Mwaka 2000 stempu ya daraja la kwanza ilikuwa peni 27. Tangu Aprili mwaka 2025 ilikuwa pauni 1 na peni 70, na daraja la pili ilikuwa peni 87. Familia iliyotuma kadi 40 kwa daraja la kwanza kwa bei hiyo ilitoa pauni 68. Mambo yamegeuka kichwa chini: wakati wa Cole kadi ilikuwa ghali mara kumi na mbili kuliko posta, shilingi kwa peni, leo pakiti ya kadi ni rahisi na posta ndiyo ghali. Denmark wamefika mbali zaidi, shirika lao la posta liliacha kabisa kupeleka barua mwisho wa mwaka 2025. Hatuandiki haya kumlaumu mtu. Barua zimepungua kila mahali, na anayezipeleka lazima alipwe.

Lakini wodini bado tunaona kadi ni nini. Desemba, kabati dogo la kila kitanda hugeuka ubao wa matangazo. Mwenye kadi nane anazipanga, anazipangua, anamwonyesha kila anayekuja kupima joto. Na pembeni yake yupo asiye na hata moja, naye hutazama dirishani. Tunampa dawa zake kwa saa, tunamgeuza, tunaandika kila kitu kwenye chati, na hakuna kisanduku cha kuandika kwamba huyu hajasalimiwa. Tumewahi kumwona mgonjwa asiyekumbuka hata leo ni siku gani akishika kadi, akipitisha kidole juu ya wino, akasema huu ni mwandiko wa dada yangu. Na ulikuwa wa dada yake. Simu haikuweza kufanya hivyo. Masikio yake yalikuwa yamekwisha zamani.

Tunajua mtakachosema, kwa sababu nasi tulikisema. Kwa nini tununue karatasi wakati mama kule kijijini anahitaji dawa ya presha? Jibu letu ni kwamba tuma fedha ya dawa kwanza. Wala msitume kadi kwa deni. Wale maskini pembeni mwa kadi ya Horsley hawakuchorwa wakipewa kadi.

Wengine mtasema kwamba kumpigia mama ni bora kuliko kumwandikia, na hapo Maandiko yako upande wenu. Katika 2 Yohana 12 mzee Yohana anasema ana mengi ya kuandika lakini hataki kuyaandika kwa karatasi na wino. Anatumaini kufika na kuzungumza uso kwa uso, ili furaha ikamilike. Karatasi ilikuwa namba mbili kwake. Basi kama unaweza kufika, fika. Kama huwezi kufika, piga simu, umwite kwa jina, umwulize habari za goti lake na za yule mbuzi. Kama simu haimfai, andika. Lakini ile picha yenye alama ya mishale miwili, iliyokwisha kusambazwa mara nyingi hata haijulikani ilianzia wapi, ambayo tunaisukuma kwa watu mia kwa kidole kimoja tukiwa foleni ya kulipia, haiwezi kuingizwa kwenye orodha hiyo ya Yohana. Haijataja jina la mtu. Tukimtumia mtu hiyo tu mwaka hadi mwaka, tusishangae siku akituuliza alikosa nini.

Baada ya siku ile kwa Bibi tulifanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kupiga kura. Tulichukua daftari la washarika na kulilinganisha na kundi la WhatsApp, jina kwa jina. Kaya 9 hazimo. Wazee, mama mmoja aliyebadili namba, familia mbili zilizofika karibuni ambazo hakuna aliyekumbuka kuziongeza, na ndugu mmoja aliyejitoa mwenyewe wakati wa ule mgogoro wa kwaya. Kuwaandikia hao 9 kwa stempu za daraja la pili za Aprili 2025 ilikuwa pauni 7 na peni 83. Tulikwenda kwa kila mmoja kuomba radhi. Yule ndugu wa kwaya alitufungulia mlango, akatusikiliza pale pale kizingitini, na hakutukaribisha ndani. Tutarudi.

Kwa mwaka huu tumekubaliana hivi. Jumapili ijayo na ile inayofuata, baada ya ibada, kutakuwa na meza nyuma karibu na vikombe vya chai, yenye kadi na kalamu. Hatutarudi kwenye kadi 64 zinazoandikwa na watu wawili usiku wa manane. Kila kaya itachukua jina la kaya moja isiyo ya ukoo wake, iandike majina yote, na kama kuna neno moja la kweli la kuongeza, kama Paulo alivyofanya, iliongeze. Kanisa litalipia stempu za wale wasio na simu za intaneti na za walio hospitali na nyumba za wazee. Zilizobaki zitatolewa mkononi hapahapa ibadani, kwa kuitwa majina, nanyi mtakwenda mbele taratibu ili tuwaone.

Wanaosafiri kwenda nyumbani Desemba hii, tunajua mna kilo 23 na mmekwisha kuzijaza sabuni na viatu vya watu. Kapu litakuwa mlangoni hata hivyo. Kadi kumi hazifiki uzito wa kiatu kimoja cha mtoto, na Fibi naye alikuwa na mizigo yake.

Wazazi, ombi moja. Watoto wetu waandike kwa Kiswahili wanapowaandikia babu na bibi, hata kama ni maneno matano yenye makosa matatu. Shikamoo Babu, mimi ni mzima. Msiyasahihishe yote. Babu atasoma na makosa hayo kwa majirani.

Mtakumbuka mstari wa 22 wa somo letu, kwamba Paulo hakuishika kalamu mwenyewe. Mwandishi wake alikuwa Tertio, naye akaingiza salamu yake katikati bila kuomba ruhusa. Bibi yetu amepata Tertio wake. Aliposikia habari za meza alituma ujumbe kwamba naye anataka kadi sita, na kwa kuwa vidole vyake vina yabisi, binti mmoja wa miaka 11 wa ushirika huu huenda kwake Jumamosi na mama yake. Bibi anasema, mtoto anaandika. Juzi tulipopita tuliwakuta wanabishana kama Krismasi inaandikwa kwa K au kwa C. Kadi iliyokuwa mezani ilikuwa ya yule jirani Mwingereza. Anakaa nyumba ya pili, kwa hiyo stempu yake imebaki.